Sindano ya Shingo Ilipochukua Sauti Yangu

Kama umetoka hospitali ukiwa hai lakini sauti yako imebaki huko, na kila mtu anakuambia ushukuru, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Uganga siujui, sitakufundisha. Nitasimulia yaliyonipata tu, maana mimi sikumpata mtu wa kunisimulia, na mwaka mzima nilidhani niko peke yangu duniani.

Watu wananiita Papa Neema, kwa jina la binti yangu wa kwanza. Nyumba yetu iko mlimani Masisi, juu ya barabara ya kwenda Kitshanga. Tunalima maharage na mihogo kama majirani wote, lakini kazi iliyonilisha ilikuwa ya mdomo. Siku za soko la ng'ombe pale Kitshanga nilikuwa komisioneri: nasimama kati ya mwenye ng'ombe na mnunuzi, namsifu mnyama, namtania huyu, namtuliza yule, mpaka wanashikana mikono. Soko lile lina kelele za ng'ombe na pikipiki, na bado nilisikika toka mwisho mmoja hadi mwingine. Jumapili nilisoma matangazo kanisani bila kipaza sauti. Na familia yoyote ya mlima wetu ikiwa na mambo ya mahari, niliitwa mimi niwasemee. Sijisifu. Nataka ujue ni kitu gani kilichukuliwa.

Ilianza na tifoidi, mvua za Septemba zilipoanza na sisi tuko shambani tunapanda maharage. Nilikaa nayo nyumbani muda mrefu mno nikimeza vidonge vya dukani, mpaka utumbo ukatoboka. Majirani walinibeba kwenye kipoyi, machela ile ya miti, wakipokezana mabega katika matope hadi hospitali. Sitaitaja jina, wala mji wake. Walinipasua siku ileile, wakaniokoa. Hilo nalikubali, na sina njia ya kulisahau, maana wenyewe hawakuchoka kunikumbusha.

Nilipozinduka baada ya kupasuliwa nilikuwa na sauti yangu. Nilimwita mke wangu mara moja tu, akanisikia akiwa kule nje jikoni ambako ndugu wanaowalinda wagonjwa wanapikia.

Siku ya tatu mishipa ya mikono ikakataa. Walikuwa wamenichoma kila mahali, mikono imevimba na kuwa myeusi, serumu, maji ya dawa, haipiti tena. Akaja daktari kijana, akasema wataweka mpira mwembamba katika mshipa mkubwa wa shingo, hapo dawa zitapita bila shida. Hakuniuliza kama nakubali, na sikujua kwamba mtu huulizwa. Walinigeuza kichwa kushoto, wakanifunika uso kwa kitambaa chenye tundu shingoni.

"Papa, usitikisike. Ni dakika kidogo tu," alisema.

Alichoma, akatoa. Akachoma tena, akatoa. Mara ya tatu kitu kama umeme kilinipiga toka shingoni hadi nyuma ya sikio na chini kifuani, nikaruka.

"Dokta, hapo hapana! Unanichoma pabaya!"

"Nimekuambia usitikisike! Mama, mukamate kichwa," akamwambia muuguzi.

Muuguzi akanishika kichwa. Mpira ukaingia. Jioni upande wa kulia wa shingo ulivimba kama yai la bata. Kesho yake asubuhi nilitaka kumwomba mke wangu maji, ikatoka pumzi peke yake. Nilijaribu tena. Pumzi. Mke wangu akainama, akacheka kidogo, akidhani namnong'oneza siri.

Muuguzi aliyekuwa zamu hakushtuka. "Njo ya operation, Papa. Mupira ya mu koo ilikukwaruza. Siku mbili, tatu, sauti itarudia."

Nilihesabu siku mbili, tatu. Nikahesabu kumi. Kila aliyepita kitandani alisema itarudi. Nilipoandika kwenye kikaratasi kwamba tatizo lilianza na ile sindano, daktari kijana alikisoma, akakikunja, akakitia mfukoni mwa koti lake, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Siku ya kutoka walinipa karatasi yangu. Mwanangu Neema, aliyekuwa mwaka wa tano wa sekondari na anajua Kifaransa kuliko sisi wote, ndiye aliyenisomea. Kwenye mstari wa mpira wa shingoni waliandika herufi tatu: R, A, S. Kwa Kifaransa maana yake: hakuna la kutaja.

Nyumbani ndipo nilipoanza kujua mwili niliopewa. Kila nilichokunywa kilinipalia. Maji ndiyo mabaya kuliko yote, yanakimbia kabla koo halijafunga. Niliacha kunywa mbele ya watu. Kukohoa kwenyewe hakukuwa na nguvu, kikohozi cha mtoto mchanga. Nikiinua mfuko wa maharage pumzi inatoroka na mikono inalegea, kana kwamba kuna mlango ndani yangu umeachwa wazi. Nikisema sentensi mbili nahema kama niliyepanda mlima. Na sauti yenyewe ilikuwa upepo, wenye mkwaruzo kidogo katikati.

Huku kwetu tunaitana toka mlima hadi mlima. Mtu anasimama upande huu anauliza habari, wa upande ule anajibu. Nilipita nikisalimiwa na watu wa ng'ambo, nikainua mkono tu, na baada ya wiki chache nikasikia kwamba Papa Neema amekuwa na maringo tangu apone.

Hasira isiyo na sauti inaingia mikononi. Niliwaita watoto kwa kupiga sufuria na mwiko. Siku moja nilimpigia mke wangu hivyohivyo, aje anisikilize. Alikuja, akasimama mlangoni na jembe lake.

"Mimi si mbuzi, Papa Neema. Unigongee sufuria, nikuje mbio? Sema pole pole, mimi niko na masikio."

"Nasema, hamsikii!" nilinong'ona.

"Basi tuambie batu unasemaka namna gani. Niache niseme mahali pako. Kanisani, sokoni, popote. Hakuna haya."

Nilitikisa kichwa. Kwangu ilikuwa haya kubwa kuliko kuvuja kwa koo, mke kusimama mbele ya wanaume akawa mdomo wa mumewe. Nakueleza mapema ili ujue sikuharibiwa na sindano tu.

Sokoni nilirudi wakati wa kuvuna maharage ya kwanza. Nilishika kamba ya fahali mmoja mwekundu, nikafungua kinywa kumsifu, na mnunuzi akaweka mkono sikioni mwake. "Nini? Unasema nini?" Nikarudia. Waliosimama karibu wakacheka, si kwa ubaya, kama watu wanavyocheka mtu aliyejikwaa. Mwenye fahali alinichukulia kamba taratibu, akampa mdogo wangu Safari aliyekuwa amesimama nyuma yangu. Safari alikuwa amejifunza kazi kwangu. Alinitazama, nikampa ishara aendelee. Alisema ni kwa muda tu, mpaka kaka apone. Mpaka leo anasimama pale.

Kati ya hayo nilirudi hospitali mara nyingine, kwa sababu ya maziwa. Nilikunywa maziwa ya moto kwa pupa, yakaingia pabaya, na siku chache baadaye nikashikwa na homa ya mapafu. Nilipopata nafuu nilikataa kutoka kabla sijaonana na daktari wa sindano. Nilikaa kwenye benchi la korido toka asubuhi, karatasi ya RAS mkononi, mke wangu pembeni. Alipita mara mbili bila kutuangalia. Mara ya tatu mke wangu alisimama mbele yake.

"Dokta, huyu muntu aliingia hapa anasema. Mulimuchoma shingo, hasemi tena. Tunataka tu mutuambie ni nini."

Alitutazama wote wawili. Alikuwa kijana kweli, ndevu chache, macho ya kukosa usingizi. "Inafikaka," alisema. "Mama, huyu angelikuwa amekufa. Mushukuru Mungu."

"Tunashukuru," mke wangu alisema. "Lakini ni nini?"

Alisema niende Goma kwa daktari wa koo, akaandika jina la kazi hiyo nyuma ya bahasha, akaondoka. "Inafikaka." Yaani hutokea. Neno hilo nimelala nalo siku nyingi. Ningependa aseme: ilifika, nilikuwa mimi, pole. Nimejiuliza kama hayo matatu yangenirudishia kitu, na najibu kwamba yangenirudishia, ingawa siwezi kukuonyesha ni nini.

Goma nilienda na Neema barabara ilipofunguka kidogo, tukipita vizuizi ambako askari walitaka nijieleze na Neema akaeleza kwa niaba yangu. Kwa daktari wa koo kuna chumba cha kungojea chenye watu wengi, na muuguzi anayeita majina. Hapo nilijifunza jambo ambalo mtu mwenye sauti haliwazi. Ukiitwa, unapaswa kuitika. Neema alikuwa ametoka kutafuta maandazi. Jina langu liliitwa, nikasema "niko hapa" kwa nguvu zangu zote, na hakuna kichwa kilichogeuka. Likaitwa tena. Nilikuwa nimekaa pembeni kabisa kati ya magoti ya watu, nikahangaika kuinuka, na muuguzi alikuwa amekwisha kuita mwingine. Nilipomfikia alisema jina langu limepita, nije kesho.

Kesho yake tulirudi, na kabla jina langu halijafika, mama mmoja mwenye rovu kubwa shingoni, tuliyekaa naye jana yake, akamwambia muuguzi kwa sauti ya kujaza chumba: "Ukifika kwa huyu papa, iko hapa! Hana sauti. Usimurushe tena." Kisha akakaa, akaendelea kufuma sweta. Sikumjua jina. Katika mwaka ule mzima, yeye ndiye mtu wa kwanza kuutaja ugonjwa wangu kwa wazi bila kunionea huruma, na nilisikia machozi yakinipanda.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Aliingiza waya wenye kamera puani hadi kooni, akamwonyesha Neema kwenye kioo nyuzi mbili nyeupe za sauti. Wa kushoto ulicheza. Wa kulia ulilala kama uliokufa.

"Walikutia mupira mu koo siku ya operation?" aliuliza.

Mke wangu hakuwepo, lakini alikuwa amemweleza Neema mambo yote. Neema akajibu: hapana, walinilaza kwa sindano tu, na nilizungumza siku mbili baada ya kupasuliwa.

Daktari akagusa kovu dogo shingoni mwangu kwa kidole. "Basi ni hapa. Kuna mshipa wa fahamu unapita karibu na mshipa wa damu. Sindano iligusa, ao damu iliyovimba iliubana. Njo mwenye anatikisa hii uzi." Alizungumza akinitazama mimi, hakumtazama Neema. "Inaweza kurudia ndani ya mwaka. Inaweza isirudie. Mimi sitakudanganya."

Alisema kuna upasuaji wa kuusogeza uzi uliolala, lakini haufanyiki kwao, na mahali unapofanyika ni mbali kuliko tunavyoweza kufika. Alinipeleka kwa mtu wa mazoezi, kine, kijana mcheshi ambaye alinifundisha vitu viwili vilivyoniokoa kuliko dawa. Kidevu ukiinamishe kifuani kila unapomeza. Na usinywe chepesi: uji mzito, maziwa mgando, maji kwa kijiko. Siku hiyo nilikunywa kikombe kizima cha uji pale kwake bila kupaliwa hata mara moja. Neema alinipigia makofi kama anavyopigiwa mtoto anayejifunza kutembea. Kama una ugonjwa wangu, anza na hayo mawili leo.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nikae chini niandike.

Kiangazi kilipoingia, familia moja ya Buleusa, kule Walikale anakotoka mke wangu, ilituma habari kwamba inakuja kwa ajili ya Neema. Kijana alikuwa mwema, sikuwa na neno naye. Neema alimpenda. Mimi nilikuwa na sharti moja tu: amalize kwanza mwaka wa sita, afanye mtihani wa serikali, apate diplome yake, ndipo aolewe. Neema mwenyewe alilitaka hilo. Tulikuwa tumelizungumza tukirudi kutoka Goma.

Mke wangu alisema tena, "Niache miye niseme hiyo neno. Ni neno moja tu." Nilikataa. Nilimpa Safari. Nilimkalisha, nikamnong'oneza sharti mara tatu, akalirudia mara tatu.

Wageni walifika na nyimbo, nyumba ikajaa, wengine wakakaa uani. Kasiksi ikapita, pombe yetu ya ndizi. Safari alisimama akasema vizuri, lazima nikubali. Aliwachekesha, alimsifu Neema, alizungumza kama nilivyomfundisha. Kisha mzee wao akasema barabara ya Walikale haiaminiki, leo iko wazi na kesho imefungwa, na wao wanaomba bibi harusi asikawie, waende naye kabla ya mvua. Watu wakapiga vigelegele. Safari, kikombe mkononi, uso unang'aa, akasema, "Mbona tuwacheleweshe? Mutoto ni wenu!"

Nilisimama. Nikasema, "Hapana. Amalize shule." Kelele ilikuwa kubwa. Nikasema tena, nikapiga meza kwa kiganja, na pumzi ikanikatika, nikaanza kukohoa. Jirani yangu akadhani nimepaliwa.

"Papa Neema anakabwa! Mumupe mayi!"

Mtu akanishika bega, mwingine akaniinua kichwa nyuma, kikombe kikawekwa mdomoni. Kidevu juu, maji mepesi, watu wawili wamenishika. Yaliingia yote pabaya. Waliponitoa uani nilikuwa nimeinama nikitafuta hewa, macho yametoka, na ndani wanawake wamekwisha kuanza wimbo wa kukubali. Niliporudi wote walikuwa wanashikana mikono. Safari alinikumbatia, akalia kwa furaha. Nilipomwandikia kwenye karatasi siku iliyofuata, alishika kichwa. "Kaka, ilinitoka. Walah, ilinitoka." Naamini ilimtoka. Mke wangu aliosha vikombe vya wageni kimoja kimoja, na hakunitazama siku mbili.

Ungeniuliza kwa nini sikusema kesho yake, kwa maandishi, kwa ujumbe. Neno lililokubaliwa mbele ya koo mbili halirudishwi kwa kikaratasi, nilijiambia hivyo. Leo nadhani nilikuwa nimechoka kutosikika, nikaanza kujizoeza. Jihadhari na mazoea hayo. Neema aliondoka kabla ya mvua. Simu yao Buleusa inashika reseau, mtandao, ukipanda kilima fulani tu, alipopiga alizungumza na mama yake, kisha simu ikapewa mimi, naye akasema, "Papa? Papa, uko?" Nilisema niko. Akasema, "Reseau ni mbaya, simusikie." Reseau ilikuwa nzuri.

Mwaka ulipotimia nilirudi Goma. Uzi wa kulia umelala vilevile, na daktari alisema nisiungojee tena. Lakini wa kushoto umejifunza kuvuka katikati na kumfuata mwenzake, hivyo nina sauti ya kukwaruza inayofika upande wa pili wa meza. Sokoni haitoshi. Kanisani matangazo anasoma mwingine. Mke wangu sasa ananisemea kwenye mikutano. Alianza siku moja bila kuniomba ruhusa, na nikamwacha, na hakuna mwanamume aliyecheka.

Baada ya kuvuna nilipanda pikipiki hadi Buleusa, safari ya kuvunja mgongo. Neema alinipokea mimba yake ikionekana. Alinipikia sombe na ndizi, akaniletea maziwa mgando bila kuulizwa, akakaa karibu nami kwenye kibao ili asikie. Mume wake alikuwa porini. Nikamwambia kila kitu: kile nilichosema siku ile, mara ngapi, na jinsi walivyonipa maji. Nikamwambia nitazungumza na mumewe ili arudi darasani mtoto akishazaliwa.

Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nilijua, Papa," alisema. "Mama aliniambia siku ile ile, nikiwa bado mu chumba na badada. Aliniuliza kama aingie aseme. Nilimukataza."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa naona ulimukataza weye kwanza. Nikasema, kama Papa anataka, atapata namna. Nilikuwa nangojea weye njo useme."

Mumewe alirudi saa kumi, tukazungumza, akasogeza kiti ili anisikie, akasema tutaona. Kisha nikakaa na Neema mbele ya nyumba mpaka pikipiki ikaja kunichukua. Nilikuwa na sauti ya kutosha kumfikia, na nilimwuliza habari za shamba lake tu.